Kemokini IP-10 na Mgonjwa Asiyetoa Makohozi

Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuagizwa akohoe na kutema makohozi kikoponi. Mtu mzima anayeishi na VVU, ambaye kinga yake imeshuka, mara nyingi hutoa makohozi yenye bakteria wachache mno. Kwa wawili hawa mashine ya GeneXpert, pamoja na fadhila zake zote, huweza kujibu "hakuna" ilhali kifua kikuu kimo. Kwa ajili yao naitetea protini ndogo iitwayo IP-10, ingawa si kwa namna inavyotetewa na baadhi ya wenzangu.

Protini hiyo, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, ni ya jamii ya kemokini, yaani wajumbe wanaoziita chembe nyeupe za damu mahali penye maambukizi. Seli T inapomtambua bakteria wa kifua kikuu hutoa interferoni-gama. Monositi zilizo jirani, zikipata ishara hiyo, humwaga IP-10 kwa wingi unaoipita interferoni yenyewe mara nyingi. Seli T nyingine zenye kipokezi cha CXCR3 huufuata mwito hadi kwenye tishu iliyovimba.

Wingi huo una faida. Mgonjwa mwenye CD4 chache hutoa interferoni kidogo, hata vipimo vinavyoitegemea vikakosa jibu. IP-10 haiyumbi kiasi hicho. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2010 ulilionyesha jambo hilo kwa wagonjwa wa hapa nchini. Tena protini hii hustahimili kukaushwa kwenye karatasi, na wauguzi wetu wanaijua kazi hiyo: ndivyo yanavyosafirishwa matone ya damu ya watoto waliozaliwa na mama wenye VVU.

Lakini wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hawakusema ni jambo gani. IP-10 hupanda katika malaria, katika UVIKO-19 na katika VVU vyenyewe. Damu ikichanganywa kwanza na antijeni za kifua kikuu jibu huwa mahususi zaidi, ila sampuli sharti ilale usiku kucha katika nyuzi 37, na hata hapo kipimo hakitofautishi bakteria waliolala mwilini na ugonjwa uliokwisha kuanza. Kumwanzishia mtoto dawa za miezi kadhaa kwa ushahidi huo peke yake ni kosa.

Naiona kazi yake kuwa ya chujio. Mtoto anayekohoa huko Ngarenanyuki, kaskazini mwa Mlima Meru, achomwe kidole, karatasi ikaushwe na kupelekwa maabara mjini. Kiwango kikiwa juu, aitwe kwa picha ya kifua. Kikiwa chini, afuatiliwe nyumbani. Je, kiwango cha chini kinatosha kumrudisha mtoto nyumbani bila hatari? Swali hilo lijibiwe kwa watoto wa Arumeru wenyewe, si kwa takwimu za kuazima. Na watakaolijibu wahesabu pia nauli: mama anayeuza ndizi soko la Tengeru, akiitwa hospitalini mara mbili bila sababu, mara ya tatu haji.