Ugonjwa Usio na Kidonge

Msimu wa ndengu Mbeere, mvunaji huinama na kupenyeza mkono penye majani asipoona chini yake. Nyoka aitwaye kifutu hana tabia ya kukimbia. Hujilaza palepale mpaka akanyagwe au aguswe. Kutoka shambani hadi Kiritiri ni bodaboda, kutoka Kiritiri hadi hospitali kubwa ya Embu ni safari nyingine, na mguu au mkono ulioumwa unavimba njia nzima. Wapo wanaoanzia kwa mwenye jiwe jeusi linaloaminika kunyonya sumu.

Toleo hili linahusu magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Hoja yangu ni kwamba historia ya vita dhidi ya magonjwa hayo, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kidonge. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani ilijitolea kugawa bure ivermectin dhidi ya usubi. Mwaka 2012, jijini London, kampuni za dawa, wafadhili na serikali ziliahidi kuyakabili magonjwa 10. Wanafunzi wetu wamepanga foleni wakameza dawa za minyoo na kichocho, na faida yake si haba. Kidonge huhesabika, hakidai jokofu, na mwalimu anaweza kukigawa. (Mnyoo wa Guinea ulishindwa nchini Kenya kwa kuchuja maji na kuelimisha watu, bila dawa wala chanjo, na nchi ikathibitishwa kuwa huru nao mwaka 2018. Ushindi wa aina hiyo ni nadra.)

Sumu ya nyoka haiingii katika mpango huo. Dawa yake hutokana na damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo. Hutiwa mshipani chini ya uangalizi, maana mwili unaweza kuikataa ghafla, tena ile iliyoundwa kwa sumu ya nyoka wa India haimfai aliyeumwa na kifutu. Mteja wake ni mkulima asiye na kitu, kwa hiyo soko halivutii. Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikapitwa na muda 2016. Mwaka uliofuata ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoliingiza janga hili katika orodha yake ya magonjwa yaliyopuuzwa, ingawa linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Mkakati wake wa 2019 unalenga kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Afya sasa ni kazi ya kaunti. Swali la kuwauliza viongozi wetu wakati wa bajeti ni hili: saa tatu usiku, Kiritiri, dawa ya sumu ya nyoka iko kwenye jokofu, na nesi aliye zamu amefunzwa kuitumia, adrenalini ya kumwokoa mgonjwa mwili ukiikataa ikiwa mkononi?