Ati ni ya Kirafiki Tu!

Kila mchezo wa Simba na Yanga unapokaribia, pale kwenye meza ya kahawa tunapokaa wazee hapa Ifakara, hatakosa mtu wa kuniambia: "Mwalimu, wewe ndiye mwaminifu, tutunzie fedha." Kila mmoja atoe shilingi 2,000, aandike matokeo anayoyatabiri, na atakayepatia azoe zote. Mimi hukataa. Nao hunicheka: "Ah, Mwalimu! Hii si kamari. Ni ya kirafiki tu!"

Ndugu msomaji, ni neno hilo "kirafiki" ninalotaka kugombana nalo leo.

Nianze kwa kuwapa wenzangu haki yao. Mchezo wao haulingani na ule wa kampuni za kubashiri, ambao vijana wetu huucheza kwa simu wakiwa wamekaa chini ya mwembe. Kampuni huwa na fungu lake, ashinde nani, ashindwe nani. Katika kopo la wazee hakuna akataye faida, na dau lina kikomo. Hakuna atakayeuza shamba la mpunga kwa ajili ya shilingi 2,000. Wala mimi sina chuki na mpira. Ni mwana-Yanga wa siku nyingi. Simba walipotufunga mabao 6 kwa 0 mwaka 1977 niliumia, na maumivu yale niliyabeba hadi tarehe 5 Novemba 2023 tulipowafunga 5 kwa 1. Siku ile nilishangilia kama mtoto. Lakini hapo mezani hapakuwa na mzee hata mmoja aliyetabiri matokeo hayo, pamoja na elimu yote ya mpira tunayojidai kuwa nayo.

Basi kwa nini nakataa? Kwa sababu mchezo huu niliwahi kuuanzisha mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nilileta kopo tupu la maziwa, nikafungua daftari, na siku ya mchezo tukakusanyika kuisikiliza redio. Niliamini najenga umoja kazini. Wote walitoa: wakufunzi, karani, mpishi, hata tarishi. Huyo tarishi hakukosa hata mara moja, nami nilimsifu mbele ya wenzake kuwa ni mwanamichezo wa kweli.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kustaafu, tulikutana kwenye kivuko cha mto Kilombero, kabla daraja halijajengwa. Tulikumbushana ya zamani. Akacheka, akasema, "Mkuu, mimi mpira sikuujua kabisa. Nilikuwa nawauliza watu niandike nini." Nikamwuliza, sasa kwa nini ulikuwa unatoa? Akanijibu kwa upole: "Daftari ulilishika wewe, Mkuu. Na barua yangu ya likizo uliitia saini wewe." Kisha akaniambia kwamba miezi ile ya masika, mpunga ukiwa bado shambani, fedha ile ilikuwa ya unga.

Sikuwa na la kusema. Kivuko kilifika, tukaagana.

Kwa hakika, kamari ya kampuni mtu anaweza kuikataa kimya kimya. Asipocheza hakuna ajuaye. Ya marafiki hukataliwa mbele ya macho ya watu. Anayekataa ataitwa bahili, au ataambiwa anajifanya mtakatifu. Urafiki ule ule unaoufanya mchezo uonekane mpole ndio unaomnyima mnyonge nafasi ya kusema hapana. Na pale mwenye kopo anapokuwa mkubwa wa kazi, au mwenye duka anayekukopesha sukari, je, hiyo ni hiari? La hasha! Ni kodi iliyovikwa tabasamu.

Tena tuna wajukuu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Sisi nasi tunawakemea vijana kwa mikeka yao ya kubashiri. Lakini mjukuu anayetuletea kahawa anatuona tukihesabu noti kuzunguka kopo. Akituuliza, "Babu, na ninyi je?" tutamjibu nini? Kwamba yetu ni ya kirafiki?

Sisemi tuache kutabiri. Tutabiri, tubishane, tuandike kwenye karatasi. Atakayepatia apewe kiti cha mbele penye televisheni, na ruhusa ya kutucheka wiki nzima. Na tukiona mifuko inatuwasha, wagonjwa hawakosekani wa kuchangiwa.

Najua watanijia tena mchezo mwingine ukikaribia. Nitawapa daftari na kalamu. Kopo sitalishika.