Mngurumo Mtupu

Vijana wenzangu, leo nagombana nanyi. Nimechoshwa na hadithi zetu zenye magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960. Kila nikifungua ukurasa namkuta shujaa kavaa jinzi, kaegemea Pontiac GTO. Anawasha, gari linanguruma kama simba, basi. Simba yuleyule kila hadithi! Boneti halifunguliwi hata mara moja.

Nami nimo. Niliwahi kuandika juu ya kijana aliyeng'oa kabureta moja usiku, akafunga tatu, na asubuhi akawaacha wenzake vumbini. Nikampa fundi mmoja wa mtaani asome, nikingoja sifa. Akasoma hadi mwisho, akafuta mikono kwa tambara, akaniuliza: "Mdogo wangu, na manifoldi aliiacha ileile?"

Sikuwa na jibu. Hata manifoldi yenyewe sikuijua.

Haya, tuijue. Kabureta huchanganya hewa na petroli. Manifoldi ndiyo njia yenye matawi inayopeleka mchanganyiko huo kwenye kila silinda. Ile iliyotengenezwa kwa kabureta moja ina kikalio kimoja tu. Hizo tatu utazikalisha wapi, kwenye paa? Shujaa wangu alikuwa anazuga, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Fiksi ya pili ni kubwa zaidi: eti kabureta ikiwa kubwa, nguvu nazo zinakuwa kubwa. Hebu tupige hesabu. Chukua injini ya inchi za ujazo 350. Kila silinda hujazwa mara moja katika mizunguko miwili. Kwa mizunguko 6000 kwa dakika, hata kama silinda zote zingejaa kabisa, injini ingevuta futi za ujazo 608 hivi za hewa kwa dakika. Sasa kuna mtu anaifunga kabureta ya 850! Hewa ikipita kwenye koo pana mno inapita polepole, na hewa ya polepole haina nguvu ya kuvuta petroli na kuipasua vizuri. Ukikanyaga mafuta kwa ghafla, gari linakwama, linakohoa, halafu ndipo linaondoka.

Tazameni GTO hiyohiyo mnayoipenda. Ya mwaka 1966 ilipatikana na kabureta tatu, zikitoa nguvu za farasi 360. Katika mwendo wa kawaida ile ya kati ilifanya kazi peke yake. Za pembeni zilingoja mguu ukandamize. Kwa magari ya mwaka 1967, General Motors ikapiga marufuku kabureta nyingi isipokuwa kwenye Corvette na Corvair. Pontiac ikaongeza injini kutoka inchi 389 hadi 400, ikaweka kabureta moja ya Rochester yenye makoo manne: mawili madogo ya matembezi, mawili makubwa ya vita. Toleo lake la nguvu zaidi mwaka ule lilikuwa na farasi wangapi? 360.

Na manifoldi nayo ina siasa zake. Ipo ya ngazi mbili, inayogawa silinda nane katika makundi mawili ya nne nne, yakivuta kwa zamu kupitia njia ndefu. Hiyo ina nguvu kwenye mwendo wa mjini. Ipo ya ngazi moja, chumba kimoja na njia fupi nane. Hiyo inashinda injini ikizunguka kasi sana, kwenye mashindano. Ukiipeleka ya mashindano sokoni kununua nyanya, utajuta.

Wapo watakaoniambia fasihi si gereji. Kweli, na sisemi tuandike vitabu vya ufundi. Nasema hadithi tunaziacha chini ya boneti. Kijana amekusanya mishahara ya mwaka mzima, kanunua kabureta kubwa kuliko injini yake kwa sababu washkaji watamheshimu. Taa inawaka kijani, anakanyaga, gari linakohoa mbele yao wote. Anajua kosa liko wapi, na hawezi kulikiri. Huyo namjua. Huyo ni mimi siku ile mbele ya fundi, na ni wewe unayefunga maneno mazito kwenye hadithi nyepesi.

Tunajiita waandishi, halafu tunawadharau watu wanaoshika spana kwa kutojali wanafanya nini. Wanatusoma. Wanatucheka, na wana haki.

Kwa hiyo, ukitaka kuandika juu ya GTO, andika. Ila kwanza nenda gereji yoyote iliyo karibu nawe, chuchumaa, uliza hewa inaingilia wapi. Ukishajibiwa, kaandike. Huyo simba mwache porini apumzike.