Kabla ya kununua mashine ya picha ya meno, tuulize kama itaenea mdomoni

Mgonjwa anayetoka Kasenyi au Komanda kuja Bunia kwa ajili ya jino hafanyi safari hiyo kwa kupenda. Usalama wa barabara hubadilika siku hadi siku, na pesa ya pikipiki ni pesa ya chakula. Akifika akaambiwa apigwe picha, anaingizwa mdomoni kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mionzi. Kikimchoma ufizi au kikimtia kichefuchefu, anakisukuma kwa ulimi na picha inaharibika. Hapo kuna njia mbili: kurudia, maana yake mionzi mara ya pili, au kung'oa jino bila kuona mzizi ulivyokaa.

Jambo hili halizungumzwi sana na wanaonunua au kufadhili vifaa vya hospitali. Wanauliza bei na ubora wa picha. Mdomo wa mgonjwa hauulizwi.

Ni kweli kwamba picha za kidijitali zinaufaa mji kama Bunia. Tangu mfumo wa kwanza wa aina hiyo ulipotoka Ufaransa mwaka 1987, daktari hahitaji tena chumba cha giza wala dawa za kusafishia filamu, na picha huonekana kwenye kompyuta baada ya sekunde chache. Lakini filamu ya zamani ilikuwa nyembamba na ilikunjika kidogo. Kihisi hakikunjiki, na unene wake ni milimita kadhaa. Waya nao unatokeza. Vipo visivyo na waya, ila betri huongeza unene, kwa hiyo adha moja imebadilishwa na nyingine.

Wabunifu wamejaribu: pembe zimeviringishwa, waya umehamishiwa mgongoni, na saizi zimekuwa tatu, kutoka 0 ya watoto hadi 2 ya watu wazima. Shida ni kwamba kifaa kinapoagizwa kwa bajeti finyu, hununuliwa saizi 2 peke yake, kisha mtoto wa miaka sita analazimishwa kukimeza nusu. Kituo chenye uwezo wa kununua kimoja tu kingefanya vizuri kuchukua saizi 1. Picha itaonyesha meno machache zaidi, lakini itapatikana.

Kishikio nacho kisihesabiwe kama nyongeza. Bila hicho, kihisi hushikwa kwa kidole cha mgonjwa, au vibaya zaidi cha mhudumu, na kidole hicho kinapigwa mionzi bure. Kishikio kizuri kinamwezesha mgonjwa kuuma na kutulia. Mhudumu naye anapaswa kufundishwa kwamba juu, kihisi hukaa mbali kidogo na meno, katikati ambapo kaakaa limeinuka. Chini, huingizwa kwa kulazwa kidogo, mgonjwa akilegeza ulimi, na kushuka polepole anapofunga mdomo. Wengi hukisukuma kwa nguvu kando ya jino, mahali penye nafasi ndogo na maumivu makubwa.

Kuna pia suala la usafi, ambalo mji uliopitia Ebola ya 2018 hadi 2020 hauhitaji kuelezwa mara mbili. Kihisi hakiwezi kuchemshwa kama koleo. Joto huua elektroniki yake. Kila mgonjwa anahitaji kifuko kipya cha plastiki, na kifuko kikubwa kupita kiasi hukunjamana na kukwaruza. Vifuko hivyo viingie katika bajeti ya kila mwezi, sawa na glovu.

Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500, na waya ulioumwa na mgonjwa hautengenezwi Bunia kwa siku moja. Kwa hiyo idara ya afya ya jimbo na wafadhili waandike masharti haya ndani ya zabuni: saizi mbili angalau, vishikio vya mbele na vya nyuma, waya unaoweza kubadilishwa hapa hapa, na siku za mafunzo. Kabla ya kusaini, muuzaji aombwe kukiweka kihisi chake mdomoni mwa mmoja wa wanaosaini.