Kamera Kubwa na Uso wa Shangazi

Siku hizi wako vijana wanaodai kwamba wakati wa kamera za dijitali zenye kihisi cha fremu kamili umekwisha, na kwamba simu ya mfukoni itazimeza zote. Mimi nakubaliana nao nusu tu.

Kihisi ni kile kipande bapa kinachopokea mwanga mahali ilipokuwa filamu zamani. Fremu kamili ni milimita 36 kwa 24, na kipimo hicho hakikushuka kutoka mbinguni. Ni urithi wa filamu ya sinema, ambayo Oskar Barnack aliitumia katika kamera ndogo ya Leica iliyoanza kuuzwa mwaka 1925. Basi anayeuliza kwa nini tung'ang'anie kipimo cha zamani hivyo, haulizi upuuzi.

Lakini mwanga haufuati mitindo. Hata simu zinazosifiwa kwa kihisi kikubwa, chao ni kama milimita 13 kwa 9. Fremu kamili yakishinda kwa eneo mara saba hivi. Simu hujisaidia kwa kupiga picha kadhaa upesi upesi na kuziunganisha kwa hesabu. Kwa jengo au mlima, sina ugomvi. Je, kwa mchezaji ngoma?

Mwaka jana nilihudhuria harusi kwetu mashambani, usiku, chini ya taa mbili hafifu. Simu yangu ilinipa picha angavu, ila mikono ya mpiga ngoma imevurugika kama uji, na uso wa shangazi yangu umelainishwa hata makunyanzi yote yametoweka. Mpiga picha aliyekodiwa, mwenye fremu kamili, alitoa picha yenye chembechembe, lakini shangazi ni yule yule tuliyemjua. Mwezi wa tatu tulimzika, na picha iliyowekwa juu ya jeneza ni ile.

Kwa hiyo simu hainitishi. Kinachonitisha ni bei. Mwaka 2023 Sony ilitangaza A9 III, ambayo kihisi chake husoma picha nzima kwa mpigo mmoja badala ya mstari kwa mstari. Ni kazi ya ajabu, lakini ni mpiga picha gani wa harusi za mashambani atakayeinunua? Yule wetu aliniambia yake ni kuukuu, ya mtindo wa kioo, aliyouziwa na mwenzake aliyehamia mtindo mpya. Kitufe kimoja kimeng'oka, naye hukibonyeza kwa njiti ya kiberiti.