USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Ndugu wafanya kazi,

Mabwana wakubwa wanatuambia kwamba programu za zamani zimechakaa, na kazi zote za ofisi sharti zihamie kwenye intaneti. Sisi hatukatai. Tunalokataa ni pupa yao, na tabia ya kuwaondoa waijuao mitambo ya zamani kabla ile mipya haijasimama.

Tazameni Uingereza. Aprili 2018 benki ya TSB, yenye wateja milioni 5.2, ilihamisha hesabu kutoka mtambo mmoja hadi mwingine kuanzia Ijumaa hadi Jumapili tu. Wateja wengi wakafungiwa nje ya hesabu zao, na wengine wakaonyeshwa hesabu zisizo zao! Je, ni nani aliyesimama dirishani kupokea matusi? Ni karani, wala si yeye aliyechagua siku ile. Mwaka 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Tazameni Marekani. Aprili 2020, mitambo ya kuwalipa waliokosa kazi ilipoelemewa, Gavana Phil Murphy wa New Jersey aliomba hadharani wajitolee watu waijuao COBOL, lugha ya kompyuta ya tangu 1959. Ujuzi wa wazee ukatafutwa kwa taabu.

Basi twadai haya: mtambo wa zamani na mpya ifanye kazi pamoja mpaka hesabu zilingane, kazi ihamishwe kidogo kidogo, makarani wafundishwe katika saa za kazi, na mtu asifukuzwe kwa ajili ya mtambo.

Umoja ni nguvu!