Ngano Imeteka Asubuhi ya Igoma

MEZANI KANDA YA ZIWA
Na Sundi Masanja

Saa kumi na mbili kasoro, kabla makonda hawajaanza kuitia abiria wa mjini, karai la mafuta limeshapata moto kando ya barabara ya Musoma. Maandazi yanageuzwa kwa kijiti, chapati zinapangwa kwenye hotipoti, sambusa ziko kwenye ndoo na gazeti juu yake. Mtu mzima anakunywa chai ya rangi na chapati mbili akiwa amesimama. Mtoto wa shule ananunuliwa andazi la kula mapumziko. Ukiitazama asubuhi hiyo ya Igoma, kisichotoka kwenye ngano ni chai peke yake.

Mchana hali inageuka. Ugali, wali, maharage, dagaa, sato, mchicha, mlenda, ndizi za kupika: sahani inajaa na ngano haimo. Gluteni, ile protini inayozungumzwa siku hizi, imo kwenye ngano, shayiri na rai. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo na viazi havina. Kwa hiyo nyumba ya Igoma iliyoambiwa na daktari kwamba mtoto asiguse tena ngano haihitaji kuanza maisha upya, wala kutafuta pakiti za bei mbaya kutoka ng'ambo. Ina mlo mmoja wa kurekebisha, unga mmoja wa kuutilia shaka, na karai moja la kulikwepa.

Wanaolazimika kuacha ngano kabisa ni wachache. Ugonjwa wao huitwa siliaki. Kinga ya mwili ikikutana na gluteni inageuka na kushambulia ukuta wa utumbo mdogo, chakula kinapita bila kufyonzwa, na mtoto anaharisha, anajaa tumbo, anapungukiwa damu na haongezeki uzito hata akila sana. Duniani unakadiriwa kumpata mtu mmoja hivi katika kila 100, ingawa haugawanyiki sawasawa: uchunguzi wa watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, uliochapishwa mwaka 1999, uliwakuta nao zaidi ya watoto 5 katika kila 100.

Historia yake ina kisa ambacho Wahaya wangekipenda. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huu vizuri na akasema kama mgonjwa ni wa kupona, basi atapona kwa chakula, ila hakujua chakula gani. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York akaanza kuwalisha wagonjwa wake ndizi nyingi huku akiwanyima mkate. Watoto wakanenepa, naye akaamini dawa ni ndizi. Kumbe dawa ilikuwa ni kuukosa ule mkate. Aliyelifumbua fumbo ni Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyekuwa amejaribu mlo usio na ngano tangu miaka ya 1930. Njaa ya vita ilipoifilisi nchi yake mkate katika baridi ya 1944 na 1945, watoto wenye siliaki, tofauti na watu wengine wote, walipata nafuu. Tasnifu yake ya mwaka 1950 ndiyo iliyoitaja ngano kwa jina.

Jambo moja halina mjadala: ngano isiachwe kabla ya vipimo. Kuharisha na tumbo kujaa kwa mtoto wa kandokando ya Ziwa Victoria kuna sababu nyingi zilizo karibu zaidi, kuanzia minyoo na amiba hadi kichocho. Kipimo cha damu cha siliaki nacho kinatafuta kingamwili zinazokuwepo mgonjwa akiwa bado anakula ngano. Mzazi akiiondoa miezi kadhaa kwanza, majibu yanaweza kutoka safi ilhali mtoto ni mgonjwa. Safari ianzie kituo cha afya, na hospitali ya Bugando ikilazimu, ndipo ije jikoni.

Tuseme imefika jikoni, na mwenye jiko ni mama au baba anayetoka kazini jioni, au kijana aliyeachiwa wadogo zake na hajui kupika zaidi ya chai. Aanze na asubuhi.

Wasukuma walishaiweka tayari. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa, kisha vikaanikwa. Vyote vilibuniwa kuvuka kiangazi. Kwa mpishi mwenye haraka, matobolwa yana sifa ambayo chapati haina: yameshaiva. Konzi moja na kikombe cha maziwa mgando, mtoto ameshakula. Michembe inataka kuchemshwa, na ikitiwa karanga zilizotwangwa inakuwa chakula cha mtu mzima. Siku hizi wapo wanaovidharau vyakula hivi na kuviita vya njaa, wakati andazi walilolipanga halifiki kesho kutwa.

Visipopatikana, kuna viazi vibichi sokoni. Siri ni kuvipika usiku. Ugali ukishaepuliwa, makaa yangali na moto, sufuria ya viazi na maji kidogo inabandikwa na kufunikwa sawasawa. Watu wakila na kuoga, viazi vinaiva. Asubuhi ni kupasha tu. Muhogo mtamu na magimbi yanakwenda hivyohivyo. Asiyetaka viazi apike uji wa ulezi: vijiko vinne vya unga vikorogwe kwenye kikombe cha maji baridi hadi madonge yaishe, vimiminwe kwenye lita moja ya maji yanayochemka, mwiko usitoke mpaka uji uwe mzito, kisha moto upunguzwe kwa robo saa. Sukari, maziwa au ndimu, kila nyumba na ladha yake. Unaingia kwenye chupa ya chai na kumfuata mtoto shuleni.

Wengi wanaoanza hukimbilia unga wa mchele ili wasukume chapati, na hapo ndipo wanapokata tamaa. Gluteni ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike kama mpira, ukubali kukunjwa na kutoa tabaka. Unga wa mchele ukisukumwa unapasuka kingo, ukiguswa na moto unakauka. Viwanda vya Ulaya huziba pengo hilo kwa kuchanganya gundi na wanga wa aina mbalimbali, na mnunuzi ndiye anayelipia. Pwani hawakuhangaika hivyo. Vitumbua, chila, vibibi na mkate wa kumimina vyote vinamiminwa, havisukumwi, na ndiyo maana havikuihitaji ngano tangu mwanzo. Mpishi asiye na uzoefu akilishika hilo ameokoa unga mwingi: achague mapishi yanayomiminwa, yale ya kusukuma ayaachie wengine.

Vitumbua basi. Vikombe viwili vya mchele vinalowekwa usiku. Asubuhi ya Jumamosi vinasagwa kwenye blenda na kikombe kimoja cha tui, kijiko cha chai cha hamira, nusu kikombe cha sukari na iliki. Rojo likiumuka na kutoa mapovu, linamiminwa kwenye kikaango chake chenye mafuta kidogo. Cha mwisho huwa kizuri kuliko cha kwanza, kwa hiyo asiye mzoefu asivunjike moyo mapema. Vya kununua barabarani ni habari nyingine, kwa sababu wauzaji wengine huongeza unga wa ngano kidogo ili vishikane. Kuuliza si ufidhuli.

Sasa unga. Mashine ya kusaga ya mtaani haina ubaguzi. Anaingia mteja na ndoo ya mchanganyiko wa lishe: mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, na ngano ndani yake. Unasagwa, unashuka kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko unapigwapigwa kwa fimbo, anaitwa anayefuata. Anayefuata ana debe la mahindi ya dona. Unga uliobaki tumboni mwa mashine na kwenye kitambaa unashuka naye. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisiwe na zaidi ya miligramu 20 katika kilo moja. Kijiko kikubwa cha unga wa ngano kina gluteni ya gramu moja kasoro kidogo. Kikidondokea kwenye kilo 20 za dona kinatosha kuuvuka mpaka huo. Kwa jirani asiye na siliaki hilo si kitu. Mtoto mwenye nayo anaugua kila siku na nyumba nzima inaapa kwamba ngano haijaingia.

Dawa yake ni uangalifu na mazungumzo na kijana wa mashine. Mzigo upelekwe asubuhi mashine ikiwa imesafishwa. Kilo mbili za kwanza za mahindi yako mwenyewe zisagwe kusukuma mabaki, unga huo wapewe kuku, ndipo wa familia ufuate. Mfuko wa kitambaa ubebwe kutoka nyumbani. Kwa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kuanikwa, kuna njia ya zamani zaidi, kinu na chekeche, na hakuna ngano ya mtu mwingine itakayoingia humo. Nao unga wa lishe wa pakiti usomwe viungo vyake kabla ya kulipiwa.

Jioni kazi ni ndogo. Dagaa wa Mwaloni, Kirumba, wakikauka ni chakula cha nusu saa. Adui yake ni mchanga, maana dagaa wengi bado huanikwa ufukweni. Walioanikwa juu ya vichanja huwa safi zaidi na bei yao inasema hivyo. Wanakatwa vichwa, wanaoshwa kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne, kila mara wakichotwa kwa mkono kutoka juu ili mchanga ubaki chini ya beseni. Anayemwaga maji pamoja na dagaa anaurudisha mchanga aliokwisha kuutoa. Wanakaangwa wakauke, kitunguu, nyanya mbili, ndimu, na mwenye kupenda anaweka karanga zilizosagwa. Ugali unasongwa nyanya zikiwa zinalainika.

Wenye bajeti ya chini wana mapanki, vile vichwa na mifupa ya sangara vinavyobaki viwandani baada ya minofu kusafirishwa nje. Supu yake ni nzito bila kutiwa chochote. Hapo kuna mtego mmoja: wapishi wengine huzidisha uzito wa mchuzi kwa kijiko cha unga wa ngano, na sato wengine hupakwa unga huohuo kabla ya kukaangwa wasishike kwenye kikaango. Karanga au unga wa muhogo vinafanya kazi ya kwanza, sembe inafanya ya pili. Chipsi za kwenye banda nazo ni viazi vitupu, lakini zikikaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa, zimeshaguswa.

Mchele wa Sengerema na Geita sasa unavuka Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, bila kusubiri kivuko. Ndizi za Bukoba zinashuka bandarini na kwenye mabasi. Maharage ya wiki yanaweza kulowekwa Jumamosi usiku, kuchemshwa Jumapili na kuungwa kidogokidogo, mradi nyumba iwe na friji.

Mahali pekee ambapo haraka haifai ni muhogo mchungu. Una sumu ya sayanaidi inayotoka kwa kuvundikwa na kuanikwa siku kadhaa. Ukame wa mwaka 1985 ulipoibana Tarime, jirani zetu wa Mara, familia zilifupisha siku hizo kwa njaa, na watu, wengi wao watoto na wanawake, wakapooza miguu ghafla bila kupona. Ugonjwa huo huitwa konzo. Nyumba inayohama kutoka ngano kwenda kwenye muhogo kila siku inunue udaga kwa muuzaji inayemwamini, au itumie muhogo mtamu, na sahani isikose samaki au maharage, kwa kuwa mwili unahitaji protini ili kuiondoa sumu iliyobaki.

Mwandishi wa safu hii hana ugomvi na mama wa maandazi. Mama huyo anawalisha watu alfajiri wakati serikali na waajiri wamelala, na unga wake unategemea ngano ambayo sehemu kubwa Tanzania inaiagiza nje, ikiwemo ya Urusi. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya unga ilipanda hadi kwenye karai lake. Angeweza kuweka ndoo ya viazi vya kuchemsha pembeni, mbali na unga. Mtaji wake ni mdogo, na wanunuzi si wagonjwa peke yao.

Kilicho nje ya uwezo wa familia moja ni shule. Mtoto akifungiwa matobolwa, rafiki atammegea andazi, naye atakula, kwa sababu ni mtoto. Mwalimu wa darasa akiambiwa mapema anasaidia. Shule zinazopika uji wa mahindi saa nne zimeshafanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kujua unga huo unasagwa wapi na baada ya nini, na swali hilo liulizwe kwenye kikao cha wazazi kabla michango ya mahindi haijapelekwa mashineni.